Elimu ya mazingira na historia katika bustani za umma za Nairobi

Elimu ya mazingira na historia katika bustani za umma za Nairobi ni mafunzo yanayotolewa kwa wanafunzi na wananchi nje ya darasa, ndani ya bustani, misitu na hifadhi zilizomo katika mji mkuu wa Kenya. Mafunzo hayo huendeshwa na mashirika ya serikali, vyama vya hiari, walimu wa shule na waongozaji wa kujitolea. Hujumuisha matembezi ya kutazama ndege, utambuzi wa miti, upandaji wa miche, ziara za mapango na makaburi ya kihistoria, na mijadala ya wazi juu ya mambo ya nchi.

Nairobi ni kati ya miji michache mikubwa duniani ambamo mwanafunzi anaweza kuona msitu wa asili, simba na kaburi la mpigania uhuru bila kutoka mjini. Hata hivyo, bustani kadhaa kati ya hizo ziliwahi kutakiwa kwa ajili ya majengo, na zimebaki kwa sababu wananchi walizitetea. Hivyo historia inayofundishwa humo inahusu pia jinsi mahali penyewe palivyonusurika.

## Maana na upeo

Mafunzo ya aina hii hutofautiana na somo la darasani kwa sababu kitu chenyewe kinachofundishwa kipo mbele ya mwanafunzi. Mti unaguswa, maji ya mto yananuswa, na jina la marehemu linasomwa juu ya jiwe la kaburi. Mwongozaji huunganisha kile kinachoonekana na kile kisichoonekana, kwa mfano mizizi ya mti na maji ya ardhini, au pango tupu na watu waliowahi kujificha ndani yake.

Mwaka 1957 mwandishi wa Marekani Freeman Tilden alitoa kitabu "Interpreting Our Heritage", alichokiandika kwa ajili ya waongozaji wa hifadhi za taifa za nchi yake. Alishikilia kwamba kumpa mgeni habari peke yake hakutoshi. Kazi ya mwongozaji ni kuamsha udadisi wa msikilizaji na kugusa jambo linalohusu maisha yake. Alisema pia kwamba mafunzo kwa watoto yanahitaji mpango wake wenyewe, wala yasiwe maelezo ya watu wazima yaliyofupishwa. Kitabu hicho bado hutumika katika mafunzo ya waongozaji wa nchi mbalimbali.

## Historia

### Kabla ya mji

Mahali ilipo Nairobi palikuwa mpakani kati ya nyika za malisho ya Wamaasai upande wa kusini na misitu na mashamba ya Wakikuyu upande wa kaskazini. Jina la mji limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kwa Wakikuyu, mti wa mugumo, ambao ni aina ya mtini wa mwituni, ulikuwa mahali pa sala na kafara, na mugumo mtakatifu haukukatwa ovyo. Elimu ya miti na elimu ya mababu zilikwenda pamoja muda mrefu kabla ya kuwepo kwa bustani za serikali.

### Wakati wa ukoloni

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899. Injini za mvuke zilihitaji kuni nyingi, na mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilianzisha Nairobi Arboretum, yaani bustani ya miti, ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka. Mwaka 1909 iliundwa East Africa Natural History Society, chama cha watu waliopenda elimu ya viumbe, ambacho kiliweka msingi wa jumba la makumbusho la Nairobi. Jengo la makumbusho lililopo hadi sasa lilifunguliwa mwaka 1930.

Katika miaka hiyo elimu ya viumbe ilikuwa kwa sehemu kubwa shughuli ya Wazungu. Waafrika waliojua majina na matumizi ya mimea walishiriki mara nyingi kama wasaidizi. Misitu ya Karura na Arboretum ilitangazwa rasmi kuwa misitu ya serikali mwaka 1932. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza ya aina yake nchini Kenya.

### Baada ya uhuru

Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha vilabu vya wanyamapori mashuleni, vinavyojulikana kama Wildlife Clubs of Kenya. Kupitia vilabu hivyo, vijana wengi walifika katika hifadhi za taifa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia kwenye makumbusho na kwenda sehemu mbalimbali za mji. Chama kilichoundwa mwaka 1909 sasa hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa Kamukunji. Huko walipanda miti saba kwa heshima ya watu saba mashuhuri waliotoka katika jamii mbalimbali za nchi. Kazi hiyo ndiyo mwanzo wa Green Belt Movement. Tangu siku hiyo ya kwanza mti na kumbukumbu ya mtu viliwekwa mahali pamoja.

## Maeneo makuu

### Nairobi Arboretum

Bustani hii ina ukubwa wa takriban hekta 30 na iko karibu na Ikulu. Ina aina zaidi ya 300 za miti, ya kigeni na ya kienyeji. Miti mingi ina kibao chenye jina la kisayansi, jambo linaloifanya bustani kuwa kama kamusi ya miti kwa wanafunzi wa biolojia. Inasimamiwa na shirika la serikali la misitu, KFS, kwa kushirikiana na chama cha marafiki wa bustani hiyo kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Somo la historia liko katika mpangilio wa miti yenyewe. Mikaratusi kutoka Australia na misonobari kutoka Amerika ya Kati huonyesha mahitaji ya reli na ya viwanda vya mbao. Mwanafunzi akisimama chini yake anaweza kueleza kwa nini misitu ya nyanda za juu za Kenya ilibadilika katika karne ya 20.

### Msitu wa Karura

Karura ni msitu wenye hekta zaidi ya 1,000 upande wa kaskazini wa mji. Umekatwa na barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, na unapakana na Gigiri, yalipo makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Ndani yake kuna sehemu za msitu wa asili, mianzi, maeneo oevu, maporomoko ya maji na mapango.

Kati ya miti ya kienyeji ya Karura ni muhugu, ambao mbao zake ngumu hupendwa na wachonga vinyago. Kwa sababu hiyo umepungua sana mahali pengi. Wanyama ni pamoja na kima, pongo, paa wadogo na fungo. Mbega weusi kwa weupe walirudishwa msituni katika miaka ya 2010 baada ya kuhamishwa kutoka maeneo ambako makao yao yalikuwa yakipotea.

Mito inayopita Karura ni ya bonde la mto Athi. Mto huo ukielekea pwani huitwa Galana na kisha Sabaki, nao huingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Waongozaji hutumia daraja au ukingo wa mto kuonyesha kwamba taka inayotupwa Nairobi inaweza kufika baharini kwa njia ya maji.

Kwa upande wa historia, mapango ya Karura yanakumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Msituni kuna pia tanuri la zamani lililotumiwa na Benki Kuu ya Kenya kuchoma noti zilizochakaa, na jengo hilo huvutia maswali mengi ya watoto kuhusu fedha.

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda kwenye lango la msitu pamoja na wabunge na waandishi wa habari ili kupanda mti. Walishambuliwa na kundi kubwa la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kutoa taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Katika wiki zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Majengo yaliyokusudiwa hayakujengwa, na mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata baada ya ushindi huo watu wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya uhalifu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi wa misitu. Kwa msingi huo chama cha Friends of Karura kilianza kushirikiana na KFS karibu na mwaka 2010. Uzio wa umeme ulijengwa, njia zikasafishwa, na vijana wa vijiji jirani, kama vile Huruma, wakaajiriwa kuwa walinzi. Sehemu za mikaratusi na vichaka vya lantana zimeanza kurudishiwa miti ya kienyeji, na wanafunzi hushiriki katika kupanda na kuhesabu miche iliyoota.

### City Park

City Park iko karibu na Parklands na Muthaiga, nayo ina takriban hekta 60. Ni bustani iliyohifadhi kipande cha msitu wa asili. Kima wake wamezoea watu kiasi cha kunyang'anya chakula mikononi. Hapo awali bustani ilikuwa kubwa zaidi, lakini sehemu zake zilimegwa kwa nyakati mbalimbali. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa eneo la urithi linalolindwa na sheria.

Katika makaburi ya City Park amezikwa Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari na mwanasiasa aliyezaliwa Nairobi na wazazi wenye asili ya Goa. Alifungwa kizuizini na Waingereza kwa kuunga mkono harakati za uhuru, kisha akauawa kwa kupigwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Karibu naye yuko rafiki yake Joseph Murumbi (1911–1990), aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya na mkusanyaji mashuhuri wa sanaa ya Afrika. Baba yake Murumbi alitoka Goa na mama yake alikuwa Mmaasai. Kaburi lake limezungukwa na sanamu zilizotengenezwa na wasanii wa Afrika Mashariki.

Makaburi hayo mawili huwapa walimu nafasi ya kufundisha kwamba uhuru wa Kenya ulipiganiwa na watu wa asili mbalimbali. Jambo hilo husahaulika kirahisi mtu anaposoma orodha fupi ya mashujaa.

### Bustani ya Jeevanjee

Bustani hii ya ekari 5 katikati ya mji ilitolewa kwa umma na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi na aliyepata zabuni nyingi wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda. Yeye pia ndiye mwanzilishi wa gazeti la African Standard, lililoanza Mombasa mwaka 1902. Bustani ilifunguliwa mwaka 1906.

Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa mahali hapo. Mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kupinga, na mpango huo ukaachwa. Miti ya Jeevanjee ni michache ikilinganishwa na ya Karura, lakini kivuli chake kimekuwa darasa la aina nyingine. Tangu miaka ya 1990 wananchi hukutana hapo wakati wa mapumziko ya mchana kujadili siasa, sheria na bei za vyakula, katika mkutano unaojulikana kama Bunge la Mwananchi.

### Uhuru Park na Kamukunji

Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilipanga kujenga humo jumba la ghorofa 60 la shirika la habari la Kenya Times. Maathai aliandika barua kwa ofisi za serikali na za nchi wafadhili, kisha akaenda mahakamani. Kesi yake ilitupwa mwaka huohuo kwa sababu mahakama iliona kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Hata hivyo wafadhili walisita na mradi ukafa.

Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika pembe moja ya bustani hiyo wakidai watoto wao waachiliwe. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, nao wakaendelea na mgomo wao katika kanisa kuu la All Saints lililo jirani. Pembe hiyo huitwa Freedom Corner. Katiba mpya ilitangazwa rasmi katika Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, na mwaka 2015 ulizinduliwa hapo mnara wa kumbukumbu ya wapiganaji wa Mau Mau na wahanga wa mateso ya kikoloni.

Uwanja wa Kamukunji, palipopandwa miti saba ya mwaka 1977, unajulikana zaidi kwa mkutano wa Saba Saba wa tarehe 7 Julai 1990, uliodai mfumo wa vyama vingi.

### Hifadhi ya Taifa ya Nairobi

Hifadhi hii ina eneo la kilomita za mraba 117, nayo inaanzia kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Ina simba, twiga, nyati na kifaru mweusi, lakini haina tembo. Inasimamiwa na shirika la serikali la wanyamapori, KWS. Karibu na lango kuu kuna kituo cha kulea wanyama yatima na njia ya miguu ya kutazama wanyama, ambazo hutembelewa sana na watoto wa shule kwa kuwa hazihitaji gari la safari.

Ndani ya hifadhi kuna mahali palipochomwa pembe za ndovu. Mwezi Julai 1989 Rais Moi alichoma takriban tani 12, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Majivu yaliyobaki ni kielelezo cha somo la ujangili na biashara ya kimataifa.

Upande wa kusini hifadhi haina uzio kamili, kwa hiyo pundamilia na nyumbu wanaweza kwenda katika nyanda za Kitengela na Athi. Njia hizo zinazidi kubanwa na nyumba, viwanda na barabara. Reli mpya ya kisasa nayo inapita juu ya hifadhi kwa daraja refu. Wanafunzi wa jiografia huona hapo kwa macho mgongano wa maendeleo na uhifadhi.

### Michuki Park

Bustani hii iko kando ya mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, mahali palipokuwa jaa na maficho ya wahalifu. Mwaka 2008 waziri wa mazingira John Michuki alianza kampeni ya kusafisha mto, na bustani ikapewa jina lake baada ya kifo chake mwaka 2012. Inatumika kuonyesha kwamba kando ya mto iliyoharibika inaweza kurudishwa.

## Namna mafunzo yanavyoendeshwa

Mafunzo mengi huwa katika mojawapo ya namna zifuatazo:

- Matembezi yanayoongozwa. Kundi hufuata njia fupi na kusimama mahali pachache palipochaguliwa. Vituo vitano vyenye maelezo ya kutosha hufaa kuliko ishirini vya haraka.
- Vibao na ramani. Humsaidia mgeni anayekuja bila mwongozaji. Kibao kizuri huwa na maneno machache na jina la mti kwa lugha zaidi ya moja.
- Kazi za mikono. Kupanda miche, kung'oa magugu vamizi, kuokota taka na kupima maji ya mto.
- Kuhesabu na kuandika. Wanafunzi huorodhesha ndege, vipepeo au miti. Orodha za miaka mingi husaidia kujua ni aina gani zinazopungua.
- Masimulizi. Wazee na mashahidi wa matukio hualikwa kusimulia mahali pale yalipotokea.

Ziara ya shule hufaulu zaidi ikigawanywa katika sehemu tatu. Kabla ya safari mwalimu hutembelea mahali yeye mwenyewe, huchagua swali moja kuu na huwapa wanafunzi maneno mapya. Wakati wa ziara wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kazi yake, ili wasifuate tu mgongo wa aliye mbele. Baada ya kurudi, huandika au kuchora walichokiona na kujibu swali lililoulizwa mwanzoni. Ziara isiyo na sehemu ya tatu hugeuka kuwa matembezi ya kula mkate na soda.

Mfano wa kazi inayoweza kufanywa bila vifaa vya gharama ni kupima unene wa miti. Mwanafunzi huzungusha kamba kwenye shina kwa kimo cha kifua, kisha hupima kamba hiyo kwa rula. Akilinganisha mkaratusi na muhugu uliopandwa mwaka uleule, ataona kwa nini mkoloni aliyetaka kuni alichagua mkaratusi, na kwa nini msitu wa muhugu ukikatwa hauwezi kurudi katika kizazi kimoja.

Mtaala mpya wa Kenya unaojengwa juu ya umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule za msingi mwaka 2019, unasisitiza kujifunza kwa kutenda. Kwa hiyo shule nyingi zimeongeza haja ya kutumia bustani na misitu kama mahali pa masomo.

## Elimu na ulinzi wa ardhi ya umma

Ukifuatilia habari za Jeevanjee, Uhuru Park na Karura, utaona mfuatano unaofanana. Kwanza ardhi ya umma huonekana kuwa kiwanja kitupu kisicho na mwenyewe. Kisha hutolewa kwa ujenzi kwa siri au kwa tangazo fupi. Mwishowe hujitokeza watu wanaojua kilichomo na kinachomaanishwa na mahali hapo, nao huwaeleza wengine. Bila watu hao kusingekuwa na upinzani, kwa kuwa mtu hatetei asichokijua.

Ujuzi huo ulikuwa wa namna mbili. Wengine walijua thamani ya miti, maji na hewa safi. Wengine walijua bustani ilitolewa na nani na kwa ajili ya nani. Katika Uhuru Park hoja ya pili ilikuwa na nguvu sawa na ya kwanza, kwa kuwa jina lenyewe la bustani lilitaja uhuru wa nchi. Jeevanjee nako wapinzani walikuwa na hoja ya historia: mahali palikuwa zawadi kwa wananchi.

Sheria nayo ilibadilika. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika kifungu cha 42. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi, na pia kuhimiza ushiriki wa umma. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Kikwazo kilichoiangusha kesi ya Uhuru Park mwaka 1989 kiliondolewa na katiba iliyotangazwa katika bustani ileile.

Haki hiyo hutumiwa tu na anayeijua. Kwa sababu hiyo walimu wa historia na uraia wana nafasi yao katika mafunzo ya bustanini pamoja na wale wa biolojia na jiografia.

## Changamoto

Gharama ni kizuizi cha kwanza. Kiingilio cha mtoto kinaweza kuwa kidogo, lakini nauli ya basi la darasa zima ni kubwa kwa shule ya mtaa wa mabanda. Inatokea kwamba mtoto wa Mathare, anayeishi kilomita chache kutoka Karura, hajawahi kuingia msituni humo, wakati mgeni kutoka nchi za mbali ameuzunguka kwa baiskeli.

Uzio umeleta usalama, lakini pia umebadilisha matumizi. Wanawake wa vijiji jirani waliozoea kuokota kuni huhitaji kibali na utaratibu. Vyama vya misitu vya jamii vinalazimika kusawazisha mahitaji ya wanaotafuta kuni na ya wanaotafuta burudani.

Lugha ni tatizo jingine. Vibao vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini tu. Jina la mti kwa Kiswahili au Kikuyu, ambalo bibi ya mwanafunzi angelitambua mara moja, mara nyingi halipo. Wazee wanaojua majina na matumizi ya mimea wanapungua, na wengi hawajahojiwa.

Upo pia uchaguzi wa historia ya kusimulia. Habari za Maathai na za Mau Mau zinasikika sana Karura. Habari za koo zilizolima pembezoni mwa msitu kabla ya mwaka 1932, au za wafugaji Wamaasai waliopoteza malisho katika nyanda za kusini mwa Nairobi, husikika kwa nadra.

Mwisho ni shinikizo la ardhi lenyewe. Mji unakua, barabara zinapanuliwa, na kila kizazi cha viongozi hukuta kiwanja chenye miti mahali ambapo bei ya ekari iko juu. Ushindi wa mwaka 1999 haukufunga suala hilo moja kwa moja, na wanafunzi wanaopanda miche Karura leo ndio watakaoulizwa kuhusu msitu huo miaka ijayo.

## Tazama pia

- Wangari Maathai
- Green Belt Movement
- Msitu wa Karura
- Hifadhi ya Taifa ya Nairobi
- Joseph Murumbi
- Pio Gama Pinto
- Mau Mau